Je, Wajua: Gari la Umeme Ulilolipia Liko Wapi Sasa?

Je, wajua kwamba mwaka 2016 watu zaidi ya laki tatu waliweka fedha zao kwenye gari ambalo lilikuwa bado halijaanza kuundwa? Tarehe 31 Machi mwaka huo kampuni ya Tesla ya Marekani ilianza kupokea maagizo ya gari lake la umeme, Model 3. Wateja walipanga foleni nje ya maduka yake, wengi wao kabla hata hawajaliona gari lenyewe, na kila aliyeagiza alitoa arubuni ya dola 1,000. Baada ya wiki moja maagizo yalikuwa yamefika takriban 325,000. Magari thelathini ya kwanza yalikabidhiwa kwa wenyewe Julai 28, 2017, huko Fremont, California. Mteja wa Uingereza, anayehitaji usukani upande wa kulia, alisubiri mpaka katikati ya mwaka 2019.

Miaka mitatu kwa gari moja ni mingi. Aliyelipa huona kama fedha zake zimelala mahali na gari lake limesahauliwa. Lakini ukiifuata safari ya gari hilo tangu ardhini hadi mlangoni, utagundua jambo ambalo wauzaji wachache hulieleza: kungoja huko si kwa aina moja. Kuna kungoja kunakotokana na foleni na vurugu za dunia, na kuna kungoja ambako ni sehemu ya kazi ya kulitengeneza gari, kiasi kwamba kukiondolewa, gari linakuwa hatari.

Jua la Atacama, barabara ya Tunduma

Kazi huanza muda mrefu kabla mteja hajaagiza. Katika jangwa la Atacama, kaskazini mwa Chile, maji yenye chumvi nyingi huvutwa kwa pampu kutoka chini ya ardhi na kumwagwa katika mabwawa mapana yasiyo na kina. Kinachofuata ni kazi ya jua na upepo. Aliyewahi kuyaona mashamba ya chumvi ya Gongoni, kule Kilifi, anaijua kazi hiyo: maji hupungua, chumvi ikajitenga. Tofauti ni kwamba Atacama kinachotafutwa ni kile kinachobaki majini baada ya chumvi nyingine kutuama, nacho ni lithi, madini ya betri. Mwaka mzima hupita, na mara nyingi zaidi ya mwaka, kabla maji hayo hayajakolea kiasi cha kupelekwa kiwandani. Greenbushes, Australia Magharibi, lithi huchimbwa kwenye mwamba. Huko jua halisubiriwi, ila mwamba sharti usagwe na kuchomwa kwa moto mkali.

Betri nyingi zenye nikeli huhitaji pia kobalti, na hapo safari inapita kwetu. Takriban asilimia 70 ya kobalti inayochimbwa duniani hutoka Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, hasa katika majimbo ya Lualaba na Haut-Katanga. Huko, katika miji ya Kolwezi na Likasi, Kiswahili ndicho lugha ya sokoni na ya mgodini. Malori hupakia kobalti hiyo, yakavuka mpaka wa Kasumbalesa, yakaikata Zambia, na sehemu ya mzigo ikaingia Tanzania kwa Tunduma hadi bandari ya Dar es Salaam. Kobalti nyingi huishia China, ambako husafishwa. Serikali ya Kongo ilipositisha kuisafirisha nje Februari 2025, bei yake duniani ilipanda. Foleni ya malori mpakani na uamuzi wa serikali Kinshasa vyote vina mkono katika tarehe ya gari la mtu aliyeko Oslo au Nairobi.

Yako pia madini ya kinywe (grafiti), ambayo Tanzania imejaliwa kuwa nayo Ruangwa mkoani Lindi na Mahenge mkoani Morogoro. Betri ya gari moja hubeba makumi ya kilo za kinywe, mara kadhaa ya lithi iliyomo. Hata betri za kisasa zinazotumia chuma na fosfati, zisizo na kobalti wala nikeli, haziachi kukihitaji kinywe. Lithi inapoingia kwenye betri wakati wa kuchaji, hujipenyeza katikati ya matabaka ya kinywe na kukaa humo hadi gari liitumie nguvu yake.

Chumba ambacho kazi yake ni kungoja

Betri ya Model 3 ya masafa marefu ya mwaka 2017 ilikuwa na seli 4,416. Kila seli ni mkebe wa duara wenye kipenyo cha milimita 21 na urefu wa milimita 70. Seli 46 huunganishwa ubavu kwa ubavu kufanya fungu moja, na mafungu 96 hupangwa kwa mfululizo. Seli moja mbovu huweza kulidhoofisha fungu zima, na seli inayopata moto huhatarisha jirani zake. Ndiyo maana kiwanda cha seli hakina haraka.

Kinywe huchanganywa na gundi kikawa uji mweusi, kisha hupakwa kwenye karatasi ya shaba nyembamba mno. Mchanganyiko wa nikeli, kobalti na lithi hupakwa kwenye karatasi ya alumini. Karatasi hizo hupita katika tanuri ndefu, zikakandamizwa na mitambo ya kuviringisha, zikakatwa, kisha zikasokotwa pamoja na utando wa plastiki katikati ili zisigusane. Msokoto huo huingizwa mkebeni na kumiminiwa kimiminika kinachobeba lithi huku na huko. Chumba cha kumiminia hukaushwa hewa yake kupita hewa ya jangwani, kwa sababu chumvi ya lithi iliyomo katika kimiminika hicho ikikutana na unyevu huzaa asidi kali inayoila seli kwa ndani.

Hapo seli inaonekana imekamilika, lakini bado. Huchajiwa kwa mara ya kwanza, taratibu sana. Katika chaji hiyo ya kwanza, kimiminika huvunjikavunjika kidogo juu ya uso wa kinywe na kujenga ngozi nyembamba isiyoonekana kwa macho. Ngozi hiyo hula sehemu ya lithi ya seli moja kwa moja, nayo hairudi tena. Ni gharama inayolipwa kwa hiari, kwa sababu ngozi ikishajengeka vizuri hukizuia kimiminika kisiendelee kuharibika miaka yote inayofuata. Ikijengwa kwa pupa, huwa na mapengo, na betri huzeeka kabla ya wakati.

Kisha seli hupangwa kwenye rafu za chumba chenye joto linalodhibitiwa na kuachwa tu. Hukaa siku kadhaa, au hata wiki kadhaa, kutegemea kiwanda. Humo hakuna anayefunga skrubu wala kupaka rangi. Volti za kila seli hupimwa mwanzoni na kupimwa tena mwishoni. Seli nzima hupoteza volti kidogo mno. Ile iliyopoteza kupita wenzake imejifichua: ndani yake kuna chembe ya chuma iliyopenya mahali pasipotakiwa, au utando uliotoboka, na umeme unavuja kidogokidogo. Kasoro hiyo ni ndogo kiasi kwamba siku ya kwanza kipimo hakiioni. Muda ndio unaoifichua, na seli hiyo hutupwa kando kabla haijaingia ndani ya gari la mtu na familia yake.

Foleni ya Model 3 nayo ilikwama kwenye betri, ingawa si katika chumba hicho. Katika robo ya tatu ya mwaka 2017 Tesla ilipanga kutengeneza magari zaidi ya 1,500. Yalitoka 260. Kampuni yenyewe ilieleza kwamba mkwamo mkubwa ulikuwa kiwandani Nevada, kwenye mitambo ya kukusanya seli katika mafungu makubwa. Lengo la magari 5,000 kwa wiki lilifikiwa mwishoni mwa Juni 2018, baada ya kampuni kusimamisha hema kubwa nje ya kiwanda cha Fremont na kuunda sehemu ya magari humo.

Namba ya chasisi inasema mengi

Siku gari linapopewa namba ya chasisi, agizo la mteja limeacha kuwa jina kwenye orodha. Namba hiyo ina tarakimu na herufi 17, na herufi I, O na Q hazitumiki kamwe ili zisichanganywe na 1 na 0. Herufi au tarakimu ya kwanza hutaja sehemu ya dunia lilikotoka: J ni Japani, L ni China, W ni Ujerumani. Kwa Model 3, namba inayoanza na 5YJ ni ya Marekani, na inayoanza na LRW imetoka kiwanda cha Shanghai, kilichoanza kukabidhi magari mwishoni mwa mwaka 2019.

Kujua gari linatoka wapi husaidia kuelewa kwa nini wawili walioagiza siku moja hawapokei siku moja. Viwanda hutengeneza kwa mafungu. Magari ya usukani wa kulia huundwa kwa pamoja, kisha kiwanda hugeukia ya kushoto. Kwa miaka mingi Tesla ilikuwa ikitengeneza kwanza magari ya masoko ya ng'ambo mwanzoni mwa kila robo ya mwaka, na ya karibu na kiwanda mwishoni. Aliyeagiza wiki moja baada ya fungu la nchi yake kupita huingia kwenye fungu linalofuata, bila kosa la mtu yeyote.

Baharini

Magari mengi mapya husafiri kwa meli zinazofanana na jengo refu lisilo na madirisha. Meli moja kubwa huwa na sitaha zaidi ya kumi na hubeba magari kati ya 6,000 na 8,000. Hakuna winchi inayoyanyanyua: madereva huyaendesha moja baada ya jingine kupitia daraja la nyuma, huyapanga karibukaribu huku vioo vya pembeni vimekunjwa, na kuyafunga sakafuni kwa mikanda. Model 3 za kwanza za Ulaya ziliondoka San Francisco, zikapita Mfereji wa Panama na kushushwa Zeebrugge, Ubelgiji, mwanzoni mwa 2019. Mwezi Machi mwaka huo, Norwei peke yake ilisajili zaidi ya 5,000.

Meli hizo hutangaza mahali zilipo. Sheria za kimataifa za usalama wa baharini huzitaka meli za tani zaidi ya 300 zinazosafiri kati ya nchi na nchi zirushe ishara za redio zinazotaja jina, mwendo na mwelekeo. Mteja aliyepewa jina la meli anaweza kuifuata kwenye ramani ya simu yake, bandari hadi bandari.

Na bahari ina mambo yake. Machi 2021 meli ya Ever Given iliuziba Mfereji wa Suez kwa siku sita. Novemba 19, 2023, Wahouthi wa Yemen waliiteka Galaxy Leader, meli ya kubebea magari, katika Bahari ya Shamu. Baada ya hapo meli nyingi zikaanza kuizunguka Afrika kwa Rasi ya Tumaini Jema. Vipuri vikachelewa, na kiwanda cha Tesla cha Grünheide, karibu na Berlin, kikasimamisha sehemu kubwa ya uzalishaji kuanzia Januari 29 hadi Februari 11, 2024.

Wakati wote wa safari ya baharini gari lenyewe huwa limezimwa karibu kila kitu. Betri kubwa haisafirishwi ikiwa imejaa, kwa sababu seli za lithi huzeeka haraka zikikaa muda mrefu zimejaa pomoni, na zilizojaa huwaka vikali zaidi zikipata moto. Lakini kuna betri nyingine ndogo ya volti 12, kama ya gari lolote, inayoamsha kompyuta na kufungua milango. Ikifa bandarini, gari lenye mamia ya kilo za betri haliwezi kujiwasha. Kwa hiyo kabla ya safari huwekwa katika hali ya usafiri, ili chochote kinachonyonya umeme kilale.

Kazi ya anayesubiri

Mwenye gari naye ana kazi ya kufanya, na wakati wake ni huu. Soketi ya kawaida ya volti 230, ikitumika kwa ampea 10, hutoa kilowati 2.3. Betri ya uniti 75 iliyokwisha kabisa itachukua zaidi ya saa 32 kujaa kwa soketi hiyo. Chaja ya ukutani ya ampea 32 hutoa takriban kilowati 7.4 na kuijaza kwa saa kumi na ushei. Fundi umeme mwenye leseni anapaswa kuja mapema, akague waya zinazotoka kwenye mita, apime kama ethi inafanya kazi kweli, na kuiwekea chaja laini yake yenyewe yenye swichi ya kukata umeme. Soketi ya zamani iliyozoea kuchaji simu na kupiga pasi haijajengwa kubeba ampea 10 usiku kucha, na ndipo plagi huyeyuka.

Jambo la pili ni kuuliza. Aliyetoa arubuni ana haki ya kujua mambo matatu: namba ya chasisi imeshatoka au la, gari linatoka kiwanda gani, na likishapakiwa, meli inaitwaje. Muuzaji asiyeweza kujibu hata moja baada ya miezi kadhaa hana gari la kukupa bado, hata akitaja tarehe, na ni vema masharti ya kurudishiwa fedha yaandikwe kabla ya kulipa.

Ila tusidai haraka kila mahali. Siku zinazopotea mpakani na bandarini kwa karatasi isiyosainiwa zinastahili kupigiwa kelele, na serikali zetu, ambazo madini yao na barabara zao zinabeba mzigo huu, zina uwezo wa kuzipunguza. Siku ambazo seli hukaa kwenye rafu zikipimwa zisiguswe. Mnunuzi akiambiwa kuna kampuni inayotoa betri haraka kuliko wenzake wote, swali la kwanza liwe seli zake zilikaa siku ngapi kabla ya kufungwa ndani ya gari.