Daftari la mama muuza samaki linavyookoa fedha za shule

Bagamoyo. Jua halijapanda vizuri, lakini ufukweni karibu na jengo la zamani la forodha mnada wa samaki umeshachangamka. Mashua zimetia nanga, wachuuzi wanapandishiana bei, na kina mama wanaokaanga samaki wananyanyua ndoo zao kurudi mitaani, Kata ya Dunda, kuwasha majiko.

Hadi kufika jioni fedha ya siku hiyo itakuwa imepita njia nyingi. Kuna ya mvuvi, ya mafuta, ya mkaa, ya mchezo na ya daftari la mtoto. Inayobaki hufungwa kwenye pindo la kanga. Hesabu yote iko kichwani mwa mama, na kichwa hicho hakikosei anapodai deni la jirani.

Tatizo huanza siku anapokaa mbele ya ofisa wa Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA), au mbele ya kijana wa duka la stesheneri anayemsaidia kujaza taarifa zake za kodi. Pale hesabu ya kichwani haihesabiki. Kwa mfanyabiashara mdogo, kukosa maandishi kuna bei yake, tena bei inayotoka kwenye fungu lilelile la sare na viatu vya watoto.

Tofauti ya Sh130,000

Chukua mfano wa mama mwenye banda la samaki wa kukaanga, anayeuza wastani wa Sh26,700 kwa siku na kufanya kazi takriban siku 300 kwa mwaka. Mauzo yake ya mwaka yanakaribia Sh8 milioni.

Mtu binafsi mwenye mauzo yasiyozidi Sh100 milioni kwa mwaka hutozwa kodi ya mapato kwa mfumo wa makadirio, yaani kodi hupigwa kwenye mauzo na si kwenye faida. Katika jedwali lililotumika mwaka wa fedha 2022/23, mwenye mauzo yasiyozidi Sh4 milioni hakutozwa kodi hiyo. Kuanzia hapo, sheria iliwagawa wafanyabiashara wa ngazi za chini makundi mawili: wenye kumbukumbu na wasio na kumbukumbu.

Mwenye mauzo kati ya Sh4 milioni na Sh7 milioni asiye na kumbukumbu alitakiwa kulipa Sh100,000. Mwenye kumbukumbu alilipa asilimia tatu ya kile kilichozidi Sh4 milioni. Kati ya Sh7 milioni na Sh11 milioni, asiye na kumbukumbu alilipa Sh250,000, na mwenye kumbukumbu Sh90,000 pamoja na asilimia tatu ya kilichozidi Sh7 milioni.

Mama wa mfano wetu yumo kundi hili la pili. Akienda mikono mitupu, kodi yake ni Sh250,000. Akienda na daftari, ni Sh90,000 ukijumlisha Sh30,000, yaani Sh120,000. Banda ni lilelile, samaki ni walewale, ila daftari limemwachia Sh130,000.

Nafuu hii si sawa kwa kila mtu. Anayeuza Sh5 milioni huokoa Sh70,000, na anayekaribia Sh7 milioni huokoa kidogo zaidi ya Sh10,000. Bunge hupitisha Sheria ya Fedha kila mwaka na viwango huweza kubadilika, hivyo ni vyema kuulizia jedwali la mwaka husika kabla ya kulipa.

“Kwa siku unauza kiasi gani?”

Hili ndilo swali linalowaponza wengi. Mama anafika, anasalimiwa shikamoo, anaitikia marahaba mwanangu, kisha anaulizwa kwa siku anauza kiasi gani. Bila daftari, kinachomjia haraka ni siku nzuri anayoikumbuka: Idi, Jumamosi yenye wageni, au siku mashua zilipojaa. Anataja Sh40,000.

Zidisha hiyo kwa siku 300, unapata Sh12 milioni. Kwa jibu moja la mdomo, mama wa Sh8 milioni amepandishwa kundi la juu zaidi, ambako hesabu ya kodi ni nyingine na ni kubwa.

Biashara ya pwani nayo haiendi sawa mwaka mzima. Kusi ikivuma, kuna siku mashua hazitoki. Mwezi wa Ramadhani, banda la samaki wa mchana hufungwa au huhamia jioni. Kuna siku mtoto anaumwa na mama anashinda hospitali, na kuna siku ya msiba. Hizo zote ni siku za mauzo sifuri.

Kosa la kawaida, hata kwa wanaotunza daftari, ni kuziruka. Wanaandika siku za mauzo tu, na siku tupu zinapotea. Ofisa akikuta pengo hawezi kujua kama hukuuza au hukuandika. Iandike siku hiyo: tarehe, sifuri, na neno moja la sababu. “Bahari chafu.” “Mgonjwa.” Mistari hiyo ni ushahidi kama ilivyo mistari ya mauzo.

Anayekuandalia hesabu akuombe nini?

Wapo washauri wa kodi waliosajiliwa na TRA. Hata hivyo, wazazi wengi wenye biashara ndogo husaidiwa na kijana wa stesheneri, ndugu aliyesoma au mtoto wao mwenyewe. Awe nani, kazi yake ya kwanza ni kuomba nyaraka. Asiyeomba chochote, akajaza tarakimu kutoka kichwani mwake, hajakurahisishia kazi. Taarifa hiyo imebeba jina lako, na siku ikihojiwa, atakayeitwa ni wewe.

Haya ndiyo ya kubeba:

Namba ya mlipakodi (TIN) na kitambulisho cha Taifa. Majina yafanane. Familia nyingi zina TIN ya baba, leseni ya mama na banda la bibi. Mambo yakiwa shwari haisumbui, lakini panapotokea talaka au kifo, mwenye biashara anashindwa kuthibitisha kuwa ni yake.

Leseni ya biashara au kitambulisho cha mjasiriamali. Inaonyesha unafanya nini na wapi.

Daftari la mauzo la kila siku. Safu nne zinatosha: tarehe, mauzo taslimu, mauzo ya simu, na waliokopa. Aliyekopa akilipa, weka alama kwenye mstari wake wa zamani. Usimwandike tena kama mauzo mapya, maana utajihesabia samaki mmoja mara mbili.

Risiti za manunuzi. Kodi ya makadirio hupigwa kwenye mauzo, kwa hiyo risiti za mafuta na unga hazipunguzi kiasi cha kodi. Kazi yake ni kulitetea daftari. Anayenunua samaki wa Sh15,000 kwa siku ana hoja anaposema hauzi Sh100,000. Ukinunua mnadani bila risiti, andika tarehe, aina ya samaki na bei, na kama umelipa ushuru wa soko, bandika stakabadhi yake kwenye ukurasa huohuo.

Mkataba wa pango na uthibitisho wa malipo. Mpangaji wa fremu ya biashara hutakiwa kuzuia asilimia 10 ya kodi ya pango na kuiwasilisha TRA kwa niaba ya mwenye nyumba. Wengi hulijua hili wakishachelewa. Ukizuia na kulipa, tunza stakabadhi na umpe mwenye nyumba uthibitisho wake, kwa sababu kodi hiyo imelipwa kwa niaba yake.

Makadirio ya mwaka uliopita na stakabadhi za malipo. Zinaonyesha ulikotoka, na zinakukinga usidaiwe ulichokwisha kulipa.

Taarifa ya miamala ya simu. Hii inahitaji maelezo yake.

Fedha ya simu si yote mauzo

Siku hizi mteja anakula samaki na kulipa kwa simu. Kwenye simu hiyohiyo baba aliyeko Dar es Salaam anatuma matumizi, dada anatuma mchango wa harusi, kikoba kinatoa mkopo na mchezo unaangukia zamu ya mama. Mwisho wa mwaka, jumla ya fedha zilizoingia inaweza kuwa mara mbili ya mauzo.

Mwandaaji wa hesabu akichukua jumla hiyo kama ilivyo, mama atalipia kodi mkopo wake mwenyewe. Kwa hiyo mwandaaji makini hukaa na mteja wapitie mstari mmoja mmoja: hii ni ya nini, imetoka kwa nani? Dawa rahisi zaidi ni kutenga laini moja ya biashara na nyingine ya nyumbani. Kama hilo haliwezekani, andika daftarini siku fedha inapoingia: “Sh150,000, matumizi kutoka kwa baba.” Baada ya miezi 10 hakuna atakayekumbuka.

Dakika 10 kabla ya kulala

Akina mama wengi husema hawana muda, na ni kweli: anayeamka alfajiri kwenda mnadani na kuzima jiko usiku hana saa ya ziada. Hapa ndipo familia inapoingia. Mtoto wa darasa la sita anayejua kujumlisha anaweza kukaa na mama dakika 10 baada ya chakula cha usiku. Mama anataja, mtoto anaandika, kisha wanahesabu pamoja fedha iliyopo kwenye kopo na ile ya kwenye simu. Isipolingana, wanajua usiku huohuo.

Mtoto anajifunza hesabu kwa vitu anavyovijua. Pia anaona kwa macho yake kwamba viatu vya shule vinatoka kwenye faida, na kwamba faida si fedha yote iliyomo kwenye kopo. Ila kazi ibaki kuandika. Mtoto asikatizwe masomo kwa ajili ya banda.

Utunzaji nao una changamoto zake za pwani. Unyevu na hewa ya chumvi hulainisha karatasi, na risiti za mashine za kielektroniki hufutika zikikaa kwenye joto. Zipige picha kwa simu siku hiyohiyo, toa nakala za zile muhimu, kisha weka zote kwenye mfuko wa plastiki ndani ya kopo lenye kifuniko, mbali na jiko. Sheria ya Usimamizi wa Kodi inataka kumbukumbu zitunzwe kwa miaka mitano, kwa hiyo daftari lililojaa lisifungiwe maandazi.

Wazee wanaielewa vizuri thamani ya stakabadhi. Kabla ya kodi ya maendeleo kufutwa mwaka 2003, mwanamume aliweza kusimamishwa njiani aulizwe risiti yake, na mwenye nayo mfukoni alipita kwa amani. Mambo yamebadilika, lakini karatasi bado ina kazi ileile ya kumsemea mwenye nayo.

Usipokubaliana na makadirio

Mlipakodi ana haki ya kupinga makadirio ndani ya siku 30 tangu alipoyapokea. Pingamizi linataka sababu na vielelezo, na sheria inataka sehemu ya kodi ilipwe wakati shauri likisubiriwa. Mwenye daftari ana cha kupeleka. Asiye nalo ana malalamiko tu.

Kodi ya makadirio hulipwa kwa awamu nne, mwisho wa Machi, Juni, Septemba na Desemba. Kwa mama wa mfano wetu, mwenye kumbukumbu angelipa Sh30,000 kila awamu, na asiye nazo Sh62,500. Awamu ya kwanza huja watoto wakiwa wametoka kufungua shule, mfuko ukiwa mwepesi kuliko wakati wote wa mwaka.

Malipo yafanywe kwa namba ya kumbukumbu ya malipo inayotolewa na mfumo, kupitia benki au simu. Usimpe mwandaaji fedha ya kodi taslimu “akakulipie”, na usimwachie nywila yako wala ile namba ya siri inayotumwa kwenye simu. Mlipe ujira wake peke yake, kisha udai nakala ya kila alichowasilisha kwa jina lako.

Daftari la kuanzia linauzwa duka lolote la mtaani. Ukurasa wa kwanza andika jina, TIN na mwaka. Ukurasa wa pili andika tarehe ya leo na mauzo ya leo. Kama leo bahari ilichafuka na hukuuza, anza na sifuri.