Mnyama Aliyejificha Ndani ya Mtu

Miongoni mwa maswali ambayo fasihi haijachoka kuyauliza ni hili: mtu akiondolewa mzazi, mwalimu, askari na sheria, je, atabaki mtu au atageuka hayawani? Mwingereza William Golding alilikabili swali hilo katika riwaya yake, Lord of the Flies, iliyochapishwa mwaka wa 1954. Golding aliwahi kuwafundisha wavulana mjini Salisbury, na wakati wa Vita Vikuu vya Pili vya Dunia alihudumu katika jeshi la majini. Aliwajua watoto, na aliujua pia ukatili wa watu wazima.

Nionavyo mimi, riwaya hii aghalabu hufunzwa kwa pupa. Mwanafunzi huambiwa kwamba binadamu ni mnyama kwa asili, naye huyaandika hayo katika mtihani, mambo yakaisha. Jibu hilo ni jepesi mno, na lina hatari yake.

Hebu tumtazame Roger. Hapo mwanzo anamrushia mtoto mdogo mawe, lakini kwa kusudi anamkosa, kwani mkono wake ungali umefungwa na makatazo ya wazazi, shule na sheria. Mwishoni mkono uo huo unaliporomosha jabali linalomwua Piggy. Baina ya jiwe la kwanza na jabali la mwisho pana hatua nyingi: hofu ya mnyama asiyeonekana barabara, rangi za usoni zinazomwondolea Jack haya, nyama wanayogawiwa watiifu, na ngoma ya usiku.

Kilele cha hayo ni kifo cha Simon. Kijana huyu anashuka mlimani kuwaarifu wenzake kwamba mnyama wanayemwogopa si chochote ila maiti ya mwanajeshi aliyeanguka na mwavuli wake. Wao, katika giza na vishindo vya ngoma, wanamdhania kuwa ndiye mnyama, wakamwua. Ralph na Piggy, tuliozoea kuwaita waungwana, walikuwamo ngomani. Kulipokucha, Piggy akashikilia kwamba ile ilikuwa ajali. Kwangu mimi, hakuna neno la kutisha zaidi katika kitabu kizima.

Wakenya tuna sababu ya kuliogopa neno hilo. Usiku wa tarehe 13 Julai 1991, katika shule ya St. Kizito, Meru, wavulana walilivamia bweni la wasichana. Wasichana 19 walifariki, na wengine wengi wakanajisiwa. Waliotenda hayo hawakuwa majitu ya hadithini, bali wanafunzi waliokuwa na madaftari na sare. Anayesema kwamba ndivyo walivyo wavulana, au ndivyo alivyo binadamu, anaurudia udhuru wa Piggy.

Wala si kweli kwamba kila kisiwa huzaa mahayawani. Mwaka wa 1965, wavulana sita wa Tonga, katika Bahari ya Pasifiki, walikwama katika kisiwa cha 'Ata kisichokuwa na wakazi, wakaishi huko zaidi ya mwaka mmoja hadi walipookolewa mwaka wa 1966. Waligawana kazi, wakautunza moto usizimike, na mmoja wao alipovunjika mguu, wenzake walimwuguza. Waliogombana walitengana hadi hasira zikatulia. Je, hao wamemkanusha Golding? Sidhani. Walichofanya ni kuishika desturi yao kila siku. Watoto wa Golding nao walikuwa na desturi, ile kombe la baharini lililompa mshikaji haki ya kusema, lakini waliiacha ivunjwe kidogo kidogo huku wakicheka.

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Hawakusema kwamba hakiondoleki. Kwa hivyo nawasihi walimu wenzangu: tusiwaulize wanafunzi iwapo binadamu ni mnyama. Tuwaulize ni wapi hasa Ralph angaliweza kutamka neno "basi", na ni nini kilichomzuia. Mwanafunzi atakayelijibu swali hilo kwa dhati huenda akalikumbuka usiku ambapo wenzake watakapoanza ngoma yao.