Boksi Linapokubeba Wewe

Mtanzania anayeishi Ulaya au Marekani akiulizwa anafanya kazi gani huko, mara nyingi hujibu kwa mzaha kwamba anabeba boksi. Kila mtu anaelewa: ni kazi za ghalani, za usiku, za mgongo. Huko huko Marekani wapo waliougeuza msemo huo bila kuujua, maana wao boksi ndilo linalowabeba. Wanajenga trela za kulala, vile vibanda vya magurudumu vinavyokokotwa safarini nyuma ya gari, kwa kadibodi, kwa mabango ya plastiki yaliyobaki baada ya uchaguzi, kwa povu gumu la kuzuia baridi kwenye kuta za nyumba. Vingine ni vyepesi kiasi cha kuvutwa na baiskeli.

Nimefundisha somo la vifaa vya ujenzi miaka mingi, na nikionyesha picha za vibanda hivi darasani, kwanza huja kicheko. Wanafunzi wanaamini kwamba nguvu imo ndani ya kitu chenyewe: chuma kinayo, karatasi haina. Basi huwa nawaambia waniletee boksi la sabuni kutoka dukani.

Nawe fanya hivyo. Kata vipande viwili vya urefu wa rula na upana wa vidole vinne. Kimoja, yale mawimbi yaliyo katikati ya karatasi yafuate urefu wa kipande. Kingine, yakatize upana. Laza kila kimoja juu ya glasi mbili kama daraja, kisha weka simu katikati. Cha kwanza kitaibeba. Cha pili kitajikunja kwenye mfereji mmoja, simu itateleza, na utashukuru kama uliweka mto chini. Sasa chukua kile kilichobeba, ukichambue karatasi yake ya juu taratibu kama unavyomenya ndizi. Kinalegea papo hapo. Umeondoa karatasi moja tu, tena nyembamba, na daraja halipo tena.

Kitu kikipinda, upande wake wa juu unabanwa na wa chini unavutwa. Katikati hakuna shughuli kubwa. Kazi ya katikati ni kuzitenganisha ngozi mbili na kuzizuia zisiteleze. Kwa hiyo unaweza kujaza katikati kitu chepesi, karibu hewa tupu, mradi kimeshikamana vizuri na ngozi zote mbili. Ukiongeza umbali kati ya ngozi hizo mara mbili, ugumu wa kupinda unapanda karibu mara nne, bila kuongeza hata gramu moja ya ngozi. Watoto wetu wanaounda magari ya mabua wanalijua jambo hili kwa mikono yao. Bua la muhindi ni ganda gumu nje na sufi nyepesi ndani. Gari la bua likikanyagwa huvunjika pale ganda lilipopasuka.

Ndege ya kivita ya Uingereza iitwayo Mosquito, yaani mbu, iliyoruka mara ya kwanza Novemba 1940, kiwiliwili chake kilijengwa hivyo hivyo: ngozi mbili za plaiwudi, na katikati balsa, mti mwepesi kuliko karibu miti yote tunayoijua. Ilikuwa miongoni mwa ndege zenye kasi kubwa wakati wake. Darasani kicheko huishia hapo.

Hata trela zenyewe zilianza na vitu ambavyo fundi wa heshima angevidharau. Mwaka 1929 Arthur Sherman, mtaalamu wa bakteria wa Detroit, alinunua trela ya hema iliyosifiwa kwamba inafunguka kwa dakika tano. Safari ya kwanza tu mvua ikawashukia, hema likawashinda, familia nzima ikalowa. Sherman akaamua kuwa na kibanda chenye kuta ngumu zisizohitaji kufunguliwa, akakijenga kwa hadibodi, ambayo wakati huo ilikuwa kitu kipya: William Mason wa Mississippi alikuwa ameibuni mwaka 1924 kwa kupasua vipande vya mbao kwa mvuke na kuvishindilia upya kuwa ubao. Kufikia 1936 kampuni ya Sherman ilikuwa ndiyo kubwa kuliko zote katika biashara ya trela Marekani. Hadibodi hiyo tunaijua sisi kama dari. Na aliyewahi kuvujiwa na bati anajua kinachofuata: doa la rangi ya chai, kisha tumbo linashuka, kisha siku moja usiku dari linakuja mezani.

Hapo ndipo adui halisi alipo. Karatasi ni nyuzi za mti zilizoshikana zenyewe kwa zenyewe zilipokuwa zinakauka. Maji yakirudi, mshikano unaachia. Wala si lazima yawe maji ya kumwagika. Unyevu mkubwa wa hewa pekee, kama ule wa pwani wakati wa masika, unaweza kulipunguzia boksi sehemu kubwa ya nguvu zake.

Nina ushahidi wa nyumbani. Mwaka fulani niliunda kibanda cha vifaranga kwa maboksi ya friji: tabaka tatu, gundi ya mbao, rangi ya mafuta mara mbili. Nilijivuna nacho. Nilichosahau ni kingo za chini, pale nilipokata kwa kisu, hazikupata rangi. Mvua zilipoanza hakukuwa na mafuriko, sakafu ilikuwa na unyevunyevu tu. Siku ya nne nilikuta ukuta umenyonya maji hadi kimo cha kiganja, laini kama mkate uliochovywa kwenye chai, na kibanda kimepiga magoti. Juu ya mstari huo kadibodi ilikuwa kavu na ngumu kama siku ya kwanza. Vifaranga wakahamia jikoni, jambo ambalo mke wangu hajalisahau.

Mbunifu wa majengo wa Kijapani, Shigeru Ban, amefanya kazi na karatasi kwa miongo kadhaa, na mwaka 2014 alipewa tuzo ya Pritzker, ambayo wasanifu huiona kama wanasoka wanavyoliona Kombe la Dunia. Anatumia mirija ya karatasi, ndugu wa ule mrija mnene unaobaki dukani jora la kitambaa likiisha. Baada ya tetemeko la Kobe mwaka 1995 alijenga vibanda vya kuta za mirija hiyo. Angalia msingi wake: kreti za bia zilizojazwa mifuko ya mchanga. Karatasi haikugusa ardhi. Kabla ya hapo, mwaka 1994, alikuwa ameliona tatizo la wakimbizi wa Rwanda. Walipewa maturubai lakini fito wakajikatia msituni, na mabomba ya alumini yalipoletwa ili kuokoa miti, wakayauza, kwa sababu alumini ina bei. Mrija wa karatasi hauna mnunuzi. Mwaka 1999 vibanda 50 vya mirija vilijengwa katika kambi ya Byumba, Rwanda, vikafuatiliwa vitastahimili vipi matumizi, pamoja na swali ambalo Mjapani pengine asingelifikiria kwanza lakini bibi yangu angeanza nalo: mchwa.

Wajenzi wa trela za siku hizi wamepata njia yao ya kulikwepa tatizo la maji. Wengi wameiacha kadibodi, wamehamia kwenye mbao za povu la polistirini, ndugu mgumu zaidi wa lile povu jeupe linalokuja na televisheni mpya. Halinyonyi maji kwa urahisi. Ubao wa povu wenye upana wa mita 1.2, urefu wa 2.4 na unene wa sentimita 5 una uzito wa kilo 4 hivi. Plaiwudi ya ukubwa huo, milimita 18, inakaribia kilo 30. Kibanda cha mbao nane kinakuwa na tofauti ya zaidi ya kilo 200, na gari dogo linaijua tofauti hiyo kwenye kila mlima.

Lakini povu peke yake ni katikati tu, halina ngozi. Ngozi yake ni kitambaa kizito cha pamba kisichopaushwa, kile ambacho bibi zetu wa Unguja na Mombasa walikiita merikani kwa sababu kililetwa na merikebu za wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, Marekani. Kitambaa kinalowekwa, gundi nyeupe ya mbao isiyoogopa maji inapakwa juu ya povu, kitambaa kinatandazwa na kukandamizwa hadi gundi itokeze. Kikikauka kinajibana kama ngozi ya ngoma. Kisha rangi ya nje, mikono miwili au mitatu. Gundi ya viatu usithubutu kuitumia. Vimumunyisho vyake vinaila polistirini mbele ya macho yako, kama petroli inavyofanya. Rangi nyeusi nayo iache, kwani povu hili huanza kulegea karibu na nyuzi 75, na ukuta mweusi juani haukai mbali na hapo.

Kosa ninaloliona mara nyingi ni kuvalisha upande wa nje tu, mjenzi akisema ndani hapaonekani. Rudi kwenye kile kipande cha boksi kilichomenywa. Kosa jingine ni kufunga bawaba kwa skrubu moja kwa moja kwenye povu. Haitashika hata wiki. Penye bawaba, taa na boliti za kufungia kibanda kwenye chasisi, povu linachimbwa na kipande cha mbao kinazikwa humo kwa gundi kabla ya kitambaa kupita juu.

Wepesi wenyewe una kasoro ambayo mashabiki wake hawapendi kuitaja. Ukitoka mwendo wa kilomita 80 kwa saa hadi 110, upinzani wa upepo unakaribia kuwa mara mbili, na upepo haujali kibanda chako kina kilo ngapi. Barabara ikiwa tambarare, umbo la pua linaokoa mafuta kuliko kilo ulizopunguza. Tena kibanda chepesi chenye ubavu mpana, lori likikipita, husukumwa kama tanga. Mizigo mizito ikae juu ya ekseli au mbele yake kidogo, ili kati ya asilimia 10 na 15 ya uzito wote uegemee kwenye ndoano ya gari. Ukiweka tangi la maji nyuma kabisa, trela itaanza kutikisa mkia, na mara nyingi dereva hutambua akiwa tayari anateremka.

Kuhusu moto sina maneno mengi: usipike ndani. Polistirini inawaka haraka na moshi wake mweusi unaua kabla ya joto. Na acha matundu ya hewa juu na chini, maana watu wawili wakilala hutoa karibu nusu lita ya maji kwa pumzi na jasho, na asubuhi yatakuwa yanatiririka kwenye kuta ulizozikinga na mvua kwa bidii yote ile.

Katika mji wa Rockport, Massachusetts, si mbali na ile Salem ya merikani, kuna nyumba ambayo Elis Stenman alianza kuijenga mwaka 1922. Kuta zake ni magazeti yaliyogandishwa, tabaka zipatazo 215, unene wa inchi moja, na kupakwa vanishi. Fremu, sakafu na paa ni mbao za kawaida. Hata samani ni za magazeti yaliyoviringishwa, na dawati moja limeundwa kwa taarifa za safari ya Charles Lindbergh ya kuvuka Atlantiki kwa ndege. Nyumba ingali imesimama. Ukiinama karibu na ukuta, vichwa vya habari bado vinasomeka.