Shule zimefunguliwa, maji yako wapi?

Ndugu zangu, Jumatatu, tarehe 12 Oktoba 2020, gredi ya 4, darasa la 8 na kidato cha 4 walirudi shuleni baada ya takriban miezi saba. Wizara ilitaka barakoa na kunawa mikono. Sawa. Lakini Kitui na Makueni nimewaona wanafunzi wakibeba vidumu vya maji kutoka majumbani. Kiangazi, mito kule huwa mchanga mtupu. Watu hufukua ndipo wapate maji. Dumu hilo hilo ni la kunywa na kupikia. La kunawa litoke wapi?

Sisemi zisifunguliwe, msichana akizidi kukaa nyumbani, kumrudisha ni kazi. Nasema tangi litangulie bango. Hata sisi Mombasa, mfereji ukikauka twanunua maji ya mkokoteni.