Mtu, mchezaji na mhusika

Mwaka 1951, katika mji wa machimbo ya shaba wa Luanshya, Zambia ya leo, mtafiti J. Clyde Mitchell alitazama ngoma iitwayo kalela. Wachezaji walikuwa vijana wa Kibisa, karibu wote vibarua wa kazi za mikono, nao walicheza wamevaa suruali zilizopigwa pasi na viatu vinavyong'aa. Mmoja wao alikuwa kingi, yaani mfalme wa kundi. Mwingine alikuwa daktari, kavaa joho jeupe lenye msalaba mwekundu kifuani. Na alikuwapo nesi, mwanamke pekee katika kundi, aliyempitia kila mchezaji na kioo na leso ili ajitazame na kujifuta jasho. Hapakuwa na mgonjwa pale. Hata hivyo nesi alikuwa na kazi, na kazi yake aliifanya kweli.

Kijana wa Mbeya au Iringa anayekutana leo na Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani uliotolewa na Gary Gygax na Dave Arneson huko Marekani mwaka 1974, huenda akadhani ni jambo geni kabisa kwetu. Si geni hivyo. Mchezo wenyewe ni huu: watu wanne au watano wanaketi kuzunguka meza, kila mmoja akiwa amejitungia mhusika wake, labda mpiga upanga, mchawi, kasisi au mwizi. Mwenzao mmoja ni msimulizi. Yeye huwaeleza wapo wapi na nini kinawajia, nao hujibu wahusika wao wanafanya nini. Jambo likiwa na mashaka, hurushwa dadu, mashuhuri kuliko zote ikiwa ile yenye nyuso 20. Hakuna anayemshinda mwenzake, na hadithi moja huweza kuendelea kwa miaka.

Aliyeueleza vizuri zaidi ni mwanasosholojia Gary Alan Fine, katika kitabu chake cha mwaka 1983. Alionyesha kwamba kila aliyeketi pale ni watatu kwa wakati mmoja. Yupo mtu, mwenye kazi, njaa na basi la kuwahi. Yupo mchezaji, anayejua kanuni na kuhesabu dadu. Yupo mhusika, asiyejua kama dadu zipo. Kundi zuri huvuka mipaka hiyo mara nyingi kwa saa moja bila kupotea njia: huyu anasema "namchoma mkuki", kisha anauliza kama chai imebaki, na wote wanaelewa ni nani kati ya wale watatu aliyesema.

Ustadi huo babu zetu walikuwa nao. Vyama vya ngoma ya beni vilizaliwa pwani ya Kenya na Tanganyika katika miaka ya 1890, vikawa na makundi yanayoshindana, hasa Marini na Arinoti. Terence Ranger, aliyeiandika historia yake mwaka 1975, anaonyesha jinsi askari wa Vita vya Kwanza vya Dunia walivyoisambaza ngoma hiyo mbali na pwani. Vita hivyo vilipita hapa kwetu, Nyanda za Juu Kusini. Majeshi ya Kiingereza ya Jenerali Northey yaliingia Tukuyu Mei 1916 na Iringa Agosti mwaka huohuo, na askari wa Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, waliweka silaha chini Abercorn (Mbala ya leo), ng'ambo ya mpaka wetu, Novemba 1918. Waliorudi makwao walikuwa wamejifunza gwaride, sare na vyeo, na vyeo hivyo wakagawana wenyewe.

Hapa ndipo penye utamu kwangu. Kingi wa beni alijua fika kwamba hana ufalme. Lakini chama kilikuwa na michango, kiliwauguza wagonjwa, kiliwazika wafu na kuwapokea wageni, na mwenye cheo ndiye aliyewajibika. Kibarua aliyeamrishwa kutwa nzima na msimamizi alijifunza jioni kukusanya fedha, kuamua ugomvi na kusema mbele za watu. Cheo kilikuwa cha kubuni, lakini mwenye kukishika aliondoka na uwezo wa kweli.

Ukitaka kuona mabaki ya utaratibu huo, nenda kwenye mwambao wa Ziwa Nyasa. Ludewa, iliyokuwa ndani ya Mkoa wa Iringa hadi Njombe ilipopewa mkoa wake mwaka 2012, wana mganda. Kyela, na hata Rungwe juu milimani, kuna ipenenga. Wanaume hupanga safu, wanapiga tarumbeta za vibuyu na kutembea kwa mwendo wa kijeshi uliogeuzwa kuwa dansi.

Kwa Wanyakyusa wa Kyela na Rungwe, nadhani udongo ulikuwa tayari kuipokea mbegu hiyo. Godfrey na Monica Wilson, waliofanya utafiti Rungwe kati ya 1934 na 1938, walikuta wavulana wa miaka kama kumi wakihama nyumba za wazazi na kujenga vibanda vyao pembeni, kijiji cha rika moja. Watoto hao waliendelea kulima mashamba ya baba zao na kula kwa mama zao, lakini jioni walikuwa na kijiji chao, na humo walijizoeza mazungumzo na adabu ya watu wazima muda mrefu kabla hawajakabidhiwa nchi.

Watawala, na hata wazazi, huogopa michezo ya namna hii. Mwaka 1935, baada ya mgomo wa wachimba shaba uliotokana na kupandishwa kodi, ambapo watu sita waliuawa Luanshya, tume ya serikali iliulizia sana habari za Mbeni, chama cha ngoma ya beni cha huko. Marekani nako, katika miaka ya 1980, mama mmoja aliyefiwa na mwanawe kwa kujiua alianzisha kampeni ya kuulaumu mchezo wa Gygax. Uchungu wake ulikuwa wa kweli, lakini waliochunguza Marekani na Kanada hawakuona kwamba mchezo ndio uliosababisha vifo vya namna hiyo. Katika visa vyote viwili, waliotazama kwa nje walimwona mhusika tu, wakadhani amemmeza mtu.

Hatari iliyopo ni nyingine, na wachezaji wa kila nchi wanaijua. Ni yule anayewaibia wenzake, kuwatusi au kuharibu mpango wa kundi, kisha anajitetea kwamba mhusika wake ndivyo alivyo. Huyo anamtumia mhusika kama mlango wa kukimbilia. Mhusika hajiumbi, mchezaji ndiye aliyemtunga, na mtu ndiye anayejibu.

Tuseme kundi la Iringa linachagua kucheza usiku wa kuamkia 30 Oktoba 1894, siku Wajerumani walipoivunja ngome ya Mkwawa, mtawala wa Wahehe, pale Kalenga. Mwuguzi mkimya anajitungia mlinzi wa ukuta, mropokaji na mwoga. Mwalimu anakuwa mama mwenye ufunguo wa ghala la chakula. Dereva wa bodaboda ni mfanyabiashara wa pwani aliyekwama ndani. Kuanguka kwa ngome kunajulikana. Wasichojua wachezaji ni kama wahusika hawa watatu wataiona asubuhi. Mlinzi anataka kutoroka na kumwacha mama. Hapo msimulizi mzuri hakimbilii dadu. Anamwuliza kwanza mwuguzi, kwa jina lake halisi, kama hivyo ndivyo anavyotaka hadithi iende, kisha anamgeukia mwalimu na kumwuliza kama yuko tayari kuachwa. Wakikubali wote wawili, dadu inarushwa.