Akaunti za Walioondoka

Mtu aachapo kazi, ama kwa kustaafu ama kwa kupata riziki pengine, aghalabu hutakiwa kurejesha funguo, kitambulisho na kila kitu cha kampuni alichokuwa nacho, akatia saini hati ya makabidhiano, akaagwa kwa soda na hotuba. Ilhali akaunti yake ya barua pepe hubaki vilevile katika seva, ikipokea barua zisizosomwa na mtu na kuikubali nywila ileile ya zamani, kwa kuwa hakuna aliyekumbuka kumwarifu fundi wa kompyuta kwamba fulani hayupo tena.

Wako wanaodhani kuwa ubaya wa akaunti hizo ni kula nafasi na kuongeza gharama za leseni tu. Hasha! Mwizi akiingia katika akaunti ya mtu aliye kazini, huenda mwenyewe akaona barua asizoziandika, akapiga kelele. Lakini ya aliyeondoka, nani atashtuka? Hata kampuni ya Microsoft, ambayo huuza huduma za barua kwa maofisi ya dunia nzima, haikusalimika. Mwishoni mwa Novemba 2023 wadukuzi, ambao kampuni hiyo iliwanasibisha na dola ya Urusi, walijaribu nywila zilizozoeleka kwenye akaunti moja baada ya nyingine, hata wakaipata akaunti kuukuu ya majaribio isiyodai uthibitisho wa pili. Na kwa kupitia hiyo wakafikia barua za baadhi ya wakubwa wa kampuni, wasigunduliwe mpaka tarehe 12 Januari 2024.

Kazi ya kusafisha, kwa rai yangu, haianzii kwenye seva, bali kwenye meza ya karani wa mishahara. Seva huweza kutaja siku akaunti ilipotumiwa mara ya mwisho, ingawa hata tarehe hiyo, katika mfumo wa Active Directory utumikao maofisini, yaweza kuwa nyuma ya ukweli kwa kadiri ya wiki mbili; ila sababu ya ukimya haiijui kabisa. Tuseme fundi ameamuru kila akaunti iliyonyamaza kwa siku 90 ifungwe. Sheria ya kazi ya Tanzania humpa mama aliyejifungua pacha likizo ya siku 100, na hata aliyepata mtoto mmoja, akiziunganisha siku zake 84 na zile 28 za likizo ya mwaka, huivuka mipaka ya fundi huyo. Naye atarudi kazini akute amehesabiwa miongoni mwa walioondoka. Kwa hiyo orodha ya seva na orodha ya mishahara huwekwa sambamba, jina kwa jina, na kila jina lililo upande mmoja tu huulizwa habari zake.

Hapo ndipo hutokea maajabu. Mashine ya kunakili iliyo ukumbini, ambayo hutuma hati kwa barua pepe, hukutwa inatumia akaunti ya mhasibu aliyestaafu zamani, kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwapo siku mashine ilipowekwa; na ilani za kulipia jina la tovuti ya kampuni huwa zinakwenda kwa kijana aliyekwisha hamia mji mwingine. Akifutwa huyo kwa pupa, ilani hazitaonwa na mtu, na siku moja tovuti itatoweka hewani.

Ndiyo maana wenye hadhari huharakisha kufunga, wakakawia kufuta. Siku ya kuondoka kwake mtu, nywila hubadilishwa, simu yake iliyokwisha ingia hutolewa kwenye mfumo, na kanuni za kupeleka nakala nje hukaguliwa moja moja, maana wako wanaoondoka huku wameacha kanuni ya kimya ya kuwapelekea kila barua nyumbani. Kufuta ni jambo jingine: huduma ya Google kwa makampuni hutoa siku 20 za kumrejesha mtumiaji aliyefutwa, na ile ya Microsoft siku 30, na baada ya hapo barua zimekwenda. Wala si halali kuzilimbikiza milele kwa kisingizio cha tahadhari, maadamu sheria ya Tanzania ya mwaka 2022 ya ulinzi wa taarifa binafsi hairuhusu taarifa za mtu kuhifadhiwa kupita haja iliyozikusanya.

Anwani yenyewe nayo isitolewe upesi kwa mwajiriwa mpya mwenye jina linalofanana. Fatuma Ali wa pili, akipewa anwani ya Fatuma Ali wa kwanza, atapokea barua za wateja asiowajua, pengine na majibu ya hospitali ya mwenziwe. Na siku atakapobofya “nimesahau nywila” katika tovuti alikojisajili yule wa kwanza, kiungo cha kuibadilisha kitamfikia yeye.