Chukudu Mteremkoni: Kani, Tungamo na Breki ya Mpira

Chukudu ya Goma, chombo cha mbao chenye magurudumu mawili na usukani, kisicho na injini wala pedali, hushusha viazi, kabichi na magunia ya makaa kutoka milima ya Kibumba hadi masoko ya mji, na kwa mwanafunzi wa fizikia ni vigumu kupata kielelezo kilicho bora zaidi. Ndani yake zimo kani, yaani misukumo na mivuto inayobadili mwendo wa kitu, na limo tungamo, yaani kiasi cha maada kinachopimwa kwa kilogramu, ambacho kadiri kinavyokuwa kikubwa ndivyo kitu kinavyokuwa kigumu kuondoka kilipotulia na kigumu vilevile kusimama kikiisha kushika mwendo.

Mahali tambarare, mwendeshaji hupiga goti moja juu ya ubao na kuisukuma ardhi kwa nyuma kwa mguu wa pili, nayo ardhi, kwa kanuni ya tatu ya mwendo aliyoichapisha Isaac Newton mwaka 1687, humsukuma yeye mbele kwa kani iliyo sawa na hiyo.

Mteremkoni kazi hiyo hufanywa na mvutano wa dunia, na hapo ndipo watu wengi hukosea, kwa kuwa huamini kwamba chukudu iliyosheheni huongeza kasi upesi kuliko iliyo tupu. Ichukuliwe barabara inayoshuka mita 5 katika kila mita 100. Chukudu na mwendeshaji wake, wenye kilogramu 100 kwa pamoja, huvutwa kuelekea chini ya mteremko kwa kani ya nyutoni 50 hivi; wakiongezewa mzigo wa kilogramu 200, kani hiyo hufikia 150, lakini tungamo la kusukumwa nalo limekuwa mara tatu. Msuguano na upinzani wa hewa vikiwekwa kando, mchapuko, yaani kiwango cha kuongezeka kwa kasi, ni uleule: nusu mita kwa sekunde katika kila sekunde inayopita.

Hatari iko kwenye kusimama. Breki ya chukudu ni kipande cha mpira ambacho mwendeshaji hukikandamiza kwa mguu juu ya gurudumu la nyuma, na nguvu za mguu haziongezeki kwa sababu tu magunia yameongezeka. Kwenye mteremko uleule, msuguano wa breki ukiwa nyutoni 250, chukudu isiyo na mzigo inayokwenda mita 6 kwa sekunde husimama baada ya mita 9, ilhali iliyosheheni, yenye kasi hiyohiyo na breki hiyohiyo, huhitaji mita 54, umbali unaotosha kabisa kumfikia mtoto anayevuka barabara akidhani amekwisha kuonekana. Kasi ikiongezeka maradufu, umbali huo huwa mara nne, yaani mita 216, kwa kuwa nishati ya mwendo hukua kwa kipeo cha pili cha kasi.

Kwa hiyo mpira hukanyagwa mapema, pale juu mteremko unapoanza, kabla nishati haijalimbikizana. Na ile inayoondolewa haipotei, bali hugeuka joto kati ya mpira na gurudumu, hata kipande hicho kikalika kidogo kidogo mpaka kikatiwe kingine kutoka tairi kuukuu.